Kitambaa cha Vifungo Vitano

Katika maisha yangu sijaona mtu aliyeogopa baridi kama Mzamiaji, na riziki yake ilikuwa kuingia kwenye maji baridi kuliko yote ninayoyajua. Asubuhi za Julai, ukungu ukishuka kutoka msituni mpaka kwenye vibaraza vya maduka ya Kianjokoma, sisi wengine tulivaa sweta tukaendelea na shughuli. Yeye alivaa koti, juu ya koti akavaa koti lingine, akaja kukaa dukani kwangu karibu na pasi ya makaa. Nyumbani hakuoga maji yasiyochemka. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba maji ya kumwogesha mumewe yangetosha kunyonyoa jogoo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani moja na mashine moja ya kufuma sweta za shule, na kwa miaka mingi kibanda changu kilitazamana na ofisi ya mradi wa maji. Mradi ule ulichota maji kwenye bwawa dogo ndani ya msitu, huko juu ambako mito hutoka mlimani ikiwa bado na ubaridi wa theluji. Chini kabisa ya bwawa kulikuwa na wavu wa chuma mbele ya bomba kuu. Mvua kubwa ikinyesha, matawi na matope viliuziba wavu huo, na mifereji ya mashambani ikaanza kukohoa hewa. Hapo ndipo Mzamiaji alipoitwa. Alivaa suti ya mpira isiyopitisha maji, akabeba mtungi wa hewa mgongoni, akafungwa kamba kiunoni, akashuka kina cha mti wa mukima uliokomaa, akaung'oa uchafu kwa mikono yake.

Alikuwa Mmeru aliyehamia kwetu Embu kwa ajili ya kazi hiyo. Alikojifunza kuzamia sikuwahi kupajua vizuri. Siku moja alisema alifundishwa na mafundi waliojenga mabwawa ya umeme kule chini Tana. Siku nyingine alisema alijifunza mwenyewe kwa sababu kila mwingine alikataa. Sisi Waembu huwatania Wameru kwamba hasira zao huchemka kabla ya chai, naye alinijibu kwamba afadhali hasira, angalau zina joto.

Alinijia mimi kwa sababu suti ya mpira huzuia maji, haizuii baridi. Joto la mtu lazima litunzwe na nguo za ndani, na nguo zake za ndani nilizifuma mimi. Nilimfumia fulana ndefu na suruali za sufu nzito, bila mshono kwapani, kwa kuwa mshono wa kwapani ulimkata akinyoosha mikono. Pamba hakuitaka hata kwenye soksi. Pamba ikishika jasho hukaa nalo, jasho likipoa linakuwa sawa na kuvaa mto wenyewe. Nilipomkabidhi nguo mpya aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole gumba juu ya kila mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa yameangalia barabarani. Akikuta fundo, alinirudishia nguo.

Kuanzia nguo ya kwanza niliingiwa na hofu ambayo haikunitoka. Mtu akishonewa suruali ikachanika, atachekwa sokoni, basi. Huyu nguo ikimwangusha hakuna atakayemwona. Kila mvua iliponyesha usiku kucha, niliamka nikijua asubuhi atapita mbele ya kibanda na mfuko wake begani akielekea msituni. Nilishona siku hiyo nikisikiliza barabara. Alipopita tena akirudi, hata kama ni jioni, ndipo nilipokula.

Yeye mwenyewe hakuficha woga wake. Vijana wa stejini walipomwita shujaa, alikasirika. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," aliwaambia, "na mimi nyumbani kwangu nataka kicheko." Kuna wahenga wanaosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mzamiaji alisema yeye hayavulii nguo, anayavalia, na hata hivyo hana uhakika.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuipenda na hakuweza kuikataa. Mtu akitumbukia kwenye shimo la machimbo au kwenye mto uliofurika, jamaa zake walimjia Mzamiaji. Alienda. Akirudi, kwa siku kadhaa hakunywa maji, alikunywa chai ya maziwa matupu. Mara moja tu aliniambia chochote kuhusu hilo. Alisema kule chini huwa haonekani hata mkono wake mwenyewe, anatafuta kwa kupapasa, na akigusa mtu humwambia pole kabla ya kumshika. Nilimuuliza kama anasema kwa sauti. Alisema ndiyo, ndani ya kinyago cha kuzamia, na mapovu hupanda. Tangu siku hiyo sikuweza kutazama mapovu ya uji bila kusisimkwa mwili.

Jambo la vifungo lilianza hivi. Alirudi kutoka msituni siku moja akaomba nimsaidie kuvua koti. Vidole vyake vilikuwa vinazunguka juu ya kifungo kama vya mtoto. Alicheka. Mimi sikucheka, na aliponiona sicheki, naye akaacha. Akanieleza kwamba baridi haina haraka. Kwanza huiba vidole, kisha huiba akili, na mtu aliyeibiwa akili hajui kwamba ameibiwa. Ndiyo maana wazamiaji wengine hurudi chini mara ya mwisho wakiwa wanatabasamu.

Nikachukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye kaptura za shule. Nikashona vifungo vitano upande mmoja na vitundu vitano upande wa pili. Tukapatana: kila akipanda juu, avue glavu afunge vifungo vyote vitano kabla ya kuruhusiwa kushuka tena. Kimoja kikishindikana, kazi ya siku imekwisha, hata kama waziri amesimama ukingoni. Kitambaa alikipa mshika kamba wake, mwanamume mpole ambaye kazi yake ilikuwa kushika ncha ya kamba na kuhisi mivuto. Walipokuwa wakienda kazini, mshika kamba alikitia kifuani ndani ya shati. "Kitambaa kikikataa, mimi nimekataa," Mzamiaji alisema, na wote tulilisikia neno hilo.

Halafu kulikuwa na zamu ya kuni. Nyumba zilizo karibu na msitu zilipeana zamu: siku ya kuzamia, nyumba moja ilileta kuni kavu na nyingine ikaleta ucuru, uji wetu wa wimbi, ukiwa moto kwenye mtungi uliofungwa gunia. Moto uliwaka ukingoni kabla Mzamiaji hajavua viatu. Hakuna aliyewaagiza. Maji yalikuwa ya wote, basi na baridi ikagawanywa.

Miaka ile simu za mkono zilipoanza kuonekana Kianjokoma, alikuja mhandisi mgeni kukagua bomba kuu. Alipoondoka alimwachia Mzamiaji fulana ya ajabu. Ndani ya kitambaa chake kulipita nyaya nyembamba kuliko tambi, zikizunguka kifua, mgongo na figo, na zote zikaishia kwenye betri ya kiunoni yenye swichi. Ukiwasha, fulana inapata joto. Soko zima lilikuja kuigusa. Watu waliiita fulana ya moto.

Mimi niliiogopa tangu nilipoitia machoni. Njia za nyaya zilikuwa zimeanza kuachia, na ilibidi nizishone upya. Uzi ukikazwa sana, waya unakatika mtu akijikunja. Ukiwa legelege, nyaya zinasogeleana na kuunguza ngozi mahali pamoja. Na sindano ikitoboa ganda la waya, sikutaka hata kufikiria. Nilishona kwa mkono mchana kutwa, dirisha likiwa wazi nipate mwanga, nikiomba Mungu kwa kila tundu. Fundi wa redio wa jirani aliipima na kipimo chake akasema iko sawa. Mzamiaji akaivaa juu ya fulana ya sufu, akakaa kwenye kiti changu, akawasha. Baada ya muda mfupi alikuwa amelala, mdomo wazi, uso umelainika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila koti la pili.

Lakini hakuiamini kabisa. Alisema betri ni kitu cha kuondoka bila kuaga. Alijiwekea sheria kwamba atashuka fulana ikiwa imezimwa, sufu ifanye kazi yake, na swichi ataigusa akianza kupoa kule kwenye wavu. "Joto la betri ni la kurudi nalo," aliniambia, "si la kwenda nalo." Alilisema mara nyingi, tena kwa kila mtu, kwa hiyo ninajua alilijua.

Walioiamini ni watu wetu. Msimu wa mvua uliofuata, kuni zilipungua. Msimu mwingine hazikuja. Nilimuuliza mama mmoja ambaye zamu ilikuwa yake, akanishangaa. Mtu amevaa moto mwilini, kuni za nini tena? Hakuwa mchoyo. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayeshukuru kwamba jirani yake amejaliwa. Na Mzamiaji, kwa kiburi cha Kimeru au kwa aibu, sijui, hakumwomba mtu hata kijiti kimoja.

Siku yenyewe ilikuwa Aprili, baada ya mvua iliyonyesha mpaka migomba ikalala. Nilikuwa na gunia la sweta za kupeleka shule ya karibu na msitu, na kwa kuwa wiki ile ile nilikuwa nimerekebisha tena nyaya za fulana, miguu ilinipeleka bwawani. Niliwakuta watatu: mshika kamba, mwenyekiti wa mradi akiwa na mwavuli, na Mzamiaji aliyekuwa tayari ndani ya maji. Ukingo ulikuwa matope matupu. Hapakuwa na moto wala ucuru. Nilipaangalia pale mahali pa moto, majivu ya zamani yameota majani, nikahisi ubaridi shingoni.

Alipopanda mara ya kwanza alifunga vifungo vitano, polepole. Akashuka tena. Kamba ilikaa kimya muda mrefu. Mshika kamba alivuta mara moja kumuuliza kama yuko salama, jibu likachelewa, halafu likaja dhaifu. Nilikuwa nimeshika mdomo wa gunia mpaka kucha zikaniuma.

Alipopanda mara ya pili uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Alisema fulana imekufa, haina joto tangu alipofika kwenye wavu, na kwamba limebaki tawi moja kubwa. Mshika kamba alimpa kitambaa. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu kikakataa. Alikitazama kidole gumba chake kama cha mtu mwingine.

Mwenyekiti alisema mambo ya vifungo ni ya shule ya nasari, na huko chini ng'ombe na watu wanangoja maji. Mara moja tu, tawi moja. Mzamiaji akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniogofya kuliko rangi ya uso wake.

"Fundi, wacha nimalize," aliniambia. "Vidole zimelala tu. Mimi niko sawa."

"Kitambaa kimekataa," nikasema.

Akanifokea kwa Kimeru, maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikachukua kinyago chake nikakificha ndani ya gunia. Nilijua kwamba kama nimekosea nitakuwa kichekesho cha Kianjokoma nzima. Mwenyekiti akanyoosha mkono akidai kinyago. Ndipo mshika kamba, ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi, alipoachilia kamba ikaanguka matopeni.

"Mimi sishiki," alisema. "Kama ni kwenda, ashikwe na mwenyekiti."

Mzamiaji akapiga hatua kuja kwangu, magoti yakamwishia nguvu, akakaa chini taratibu kama anayeketi kanisani. Hakuwa anatetemeka. Mtu mwenye baridi asipotetemeka, mwili umechoka kupigana. Alikuwa amenifundisha hivyo mwenyewe, karibu na pasi yangu. Mwenyekiti, sasa akiwa na hofu kama yetu, alitaka kumsugua mikono na kutuma mtu akatafute pombe ya muratina. Nilimkataza. Pombe hufungua mlango joto litoke, na kumsugua mtu wa namna hiyo kunaweza kuusimamisha moyo. Hilo pia nilifundishwa naye.

Tulimvua suti na zile nguo za ndani zilizoloa jasho. Nikafungua gunia. Sweta za watoto wa shule hazimwingii mtu mzima, kwa hiyo tulimfunika nazo, tukamviringishia shingoni, tukamvisha mikono ya sweta miguuni kama soksi. Mshika kamba alivua shati akalala naye kifua kwa kifua. Mwenyekiti alitupa mwavuli akakimbia kutafuta kuni, mtu mzito wa tai, akiteleza na kuinuka. Niliketi nimeshika kichwa cha Mzamiaji, nikiwaza mshono wangu. Nilikuwa na hakika kwamba sindano yangu ndiyo iliyoua zile nyaya. Meno yake yalipoanza kugongana, nililia kwa sauti.

Fundi wa redio aliifungua fulana siku iliyofuata. Nilisimama mlangoni kwake, sikuthubutu kuingia. Nyaya zote zilikuwa nzima, hata moja haikuguswa. Betri ndiyo iliyoisha, imeisha kabisa, kama kitu kilichowaka tangu asubuhi.

Kwa wiki kadhaa Mzamiaji alipita mbele ya kibanda akiangalia upande wa pili, koti juu ya koti. Kisha siku moja akaja na nduma kwenye mfuko, akaziweka juu ya meza ya kukatia, akakaa mahali pake. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikurudi kuhisi kitu tena.

"Niliogopa, Fundi," akasema. "Hiyo asubuhi niliogopa vibaya. Niliwasha fulana nikiwa bado kwa barabara."

Zamu ya kuni ilirudi, na nyumba ya mwenyekiti ndiyo iliyoanza. Mzamiaji aliendelea na kazi miaka mingine michache, kwa uangalifu wa kuchosha watu, mpaka mradi ulipojengewa wavu unaoinuliwa kwa mnyororo na hapakuwa tena na haja ya mtu kushuka. Siku aliyorudi kwao Meru alinipa kitambaa nimtunzie. Alisema yeye na vifungo wamemalizana.

Miaka ilipita mingi. Mwaka juzi bintiye, Karimi, alinipigia simu. Baba yake alikuwa akiishi naye Nchiru, huko Meru, ambako Karimi ana kibanda cha kuwauzia wanafunzi wa chuo chapati na maharagwe. Mama alikuwa ameshafariki. Mzee, alisema, ana siku zake. Anaamka asubuhi, anavaa ile fulana isiyo na betri, anaaga kwamba ameitwa kazini, anashika njia kwenda kwenye shimo la machimbo lililojaa maji. Watu wa bodaboda wamemrudisha zaidi ya mara moja, na siku moja maji yalikuwa yameshamfika magotini. Kumfungia ndani hawezi, baba ni baba. "Huwa anasema anangoja Fundi na kitambaa," akaniambia. "Sijui hata ni kitambaa gani."

Nilifika asubuhi yenye mawingu. Nilimkuta nje ya kibanda, amekonda, fulana ya moto juu ya shati, koti juu ya fulana. Alinitambua mara moja. Hakunisalimia, alinyoosha mkono. Nikampa kile kitambaa cha kaki kilichopauka, akaanza kufunga. Kifungo kimoja kikaingia, cha pili kikapenya tunduni kikatoka tena. Alijaribu kwa muda mrefu. Mwishowe akakiweka gotini. "Kimekataa," akasema, akaketi vizuri, akaomba chai. Karimi alifunika uso kwa kanga yake nyuma ya sufuria. Nami nilishukuru moyoni, nikifikiri safari yangu imemaliza kazi.

Lakini mawingu yalifunguka. Jua la Nchiru si la Kianjokoma, likitoka linatoka kweli. Mzee aliketi ndani yake, kikombe cha chai ya moto mikononi, na nikaona vidole vyake vikianza kulainika kimoja kimoja. Nilikuwa nikipatana na Karimi kuhusu kumwachia kitambaa, mzee aliponiita.

"Fundi. Kuja uone."

Vifungo vyote vitano vilikuwa vimefungwa. Alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu, na uso wake ulikuwa na lile tabasamu la bwawani. Karimi alinishika mkono akaniumiza. Mimi sina nguvu za kumzuia mwanamume, hata mzee, na neno langu kwake lilikuwa na uzito kwa sababu ya kitambaa tu. Sikuwa nimewahi kukitumia kudanganya.

Nikamwambia anipe nikikague. Alinipa bila wasiwasi. Niligeuka kama anayetafuta mwanga, nikachomoa sindano ambayo huwa naichomeka kwenye ukosi, ikiwa na uzi wake, nikakishona kitundu cha tano mpaka kikafungika kabisa. Mikono yangu ilikuwa na baridi kuliko yake. Nikamrudishia nikamwambia arudie, kwa sababu sikuona vizuri.

Akarudia. Vinne viliingia. Cha tano kikagonga, kikateleza, kikagonga tena. Alikigeuza kitambaa nje ndani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa barabarani, kama alivyofanya siku zote dukani kwangu. Nilingoja anirudishie.

"Mkono wako bado ni ule ule, Fundi," akasema. Akakikunja kitambaa, akakitia kifuani ndani ya shati. "Basi leo sishuki."

Akaketi.